Flournoy wa Geneva na Binti wa Sheikh Asiyejua Kiarabu

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamepata kusikia habari za watu wanaodai kwamba waliwahi kuishi duniani kabla ya maisha haya, wakafa, kisha wakazaliwa tena kwa mama mwengine na katika nchi nyengine. Wahindi wana itikadi hiyo tangu na tangu. Katika karne ya kumi na tisa baadhi ya Wazungu nao waliipokea kwa pupa, hasa baada ya Mfaransa aliyejiita Allan Kardec kutoa kitabu chake cha mizimu mwaka 1857. Kwetu Waislamu wanazuoni walikwisha kulikata jambo hili zamani. Wao huliita tanasukh, na katika Suratul Muuminun tumetajiwa barzakhi iliyoko mbele ya wafu mpaka siku watakapofufuliwa. Basi leo sikukusudia kufungua mjadala wa itikadi uliokwisha kufungwa. Nakusudia kusimulia maisha ya mtu mmoja aliyekaa na madai hayo uso kwa uso kwa muda wa miaka mitano, akayafungua moja moja kama fundi afunguavyo saa, na hali yeye mwenyewe alikuwa ameambiwa kwamba alipata kuwa mfalme katika Bara Hindi.

Jina lake ni Théodore Flournoy. Alizaliwa Geneva, Uswisi, Agosti 15, 1854, katika ukoo wa Waprotestanti ambao wazee wao walikimbia Ufaransa kwa sababu ya dini yao. Nyumba yao ilikuwa ya watu wenye elimu na uwezo. Alisomea utabibu, akapata shahada ya udaktari Strasbourg mwaka 1878, lakini hakupata kushika kazi ya kutibu wagonjwa. Alichotaka yeye ni kuijua nafsi ya binadamu. Akaenda Leipzig kwa Wilhelm Wundt, yule Mjerumani aliyefungua maabara ya elimu ya nafsi mwaka 1879, akajifunza namna ya kupima kwa saa na vyombo mambo ambayo wengine walikuwa wakiyazungumza kwa maneno matupu. Aliporudi kwao alioa, akasoma falsafa ya Kant, akaanza kusomesha. Mwaka 1891 Chuo Kikuu cha Geneva kilimpa uprofesa wa elimu ya nafsi, na yeye akashikilia kwamba kiti chake kiwekwe katika kitivo cha sayansi, sio cha falsafa. Huenda neno hilo likaonekana dogo, lakini zama zile lilikuwa kubwa. Maana yake ni kwamba nafsi nayo ichunguzwe kwa ushahidi.

Pamoja na hayo alikuwa mtu wa dini, Mkristo wa kweli mwenye kuitikadi Mungu na sala. Alisema na kuandika kwamba kazi ya sayansi ya nafsi sio kukanusha mambo ya ghaibu wala kuyathibitisha, bali ni kuyaacha mahali pake na kuangalia yale yanayompata mwanadamu. Na katika mambo ya ajabu alijiwekea kanuni mbili. Ya kwanza ni kwamba kila kitu chawezekana. Ya pili ni kwamba uzito wa ushahidi sharti ulingane na ugeni wa jambo lenyewe. Kwa kanuni ya kwanza alikuwa tayari kusikiliza lolote. Kwa ya pili hakuwa tayari kumeza lolote.

Mwezi wa Desemba 1894 mwalimu mmoja wa Geneva, Auguste Lemaître, alimpeleka kwenye kikao cha watu waliokuwa wakiita roho za wafu. Katika mji ule vikao hivyo vilikuwa vimeenea wakati huo. Watu huketi kuizunguka meza, taa ikapunguzwa, na mmoja wao akapandwa. Mpandwa huyo sisi wa pwani twamwita kiti, nami nitalitumia neno hilo hilo kwa sababu latosha. Kiti cha kikao kile alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mitatu, mrefu, mwenye afya njema na nywele nyeusi. Alikuwa akifanya kazi katika duka kubwa la biashara, wala hakuwa akitoza hata senti moja kwa vikao vyake. Jina lake la kuzaliwa ni Élise Müller, lakini Flournoy katika maandishi yake alimwita Hélène Smith ili kumsitiri, na ulimwengu umemjua kwa jina hilo. Nasi tumwite Bi Hélène.

Usiku wa kwanza Bi Hélène alimpiga profesa bumbuazi. Alimweleza mambo yaliyotokea katika ukoo wake kabla yeye mwenyewe hajazaliwa. Mtu mwengine angetoka pale ama akiamini kila kitu ama akipiga kelele za utapeli. Flournoy alirudi nyumbani akauliza wazee wake, na baada ya kuchimba akagundua kwamba zamani sana wazazi wa Bi Hélène na jamaa zake yeye waliwahi kujuana kwa muda mfupi. Basi upo mlango mmoja ambao habari zile zingeweza kupita. Huenda binti alizisikia utotoni mezani kwa mama yake, akazisahau, zikabaki. Hakusema kwamba ndivyo ilivyokuwa. Alisema tu kwamba mlango upo, kisha akaendelea kuhudhuria vikao.

Kikao baada ya kikao Bi Hélène alifungua maisha yake ya zamani. Alikuwa na kiongozi wa ghaibu aitwaye Léopold, ambaye alidai kuwa ndiye Cagliostro, yule mganga na mlaghai mashuhuri wa karne ya kumi na nane, na huyo alipompanda sauti yake ilikuwa nzito kama ya mwanamume. Kwa mujibu wa Léopold, Bi Hélène alipata kuwa Marie Antoinette, malkia wa Ufaransa aliyekatwa kichwa mwaka 1793. Na kabla ya hapo, mwanzoni mwa karne ya kumi na tano, alikuwa Simandini, binti wa sheikh wa Kiarabu, aliyeozwa kwa mfalme wa Kihindi wa nchi ya Kanara aitwaye Sivrouka Nayaka, akawa mke wake wa kumi na moja. Mfalme huyo alijenga ngome ya Tchandraguiri mwaka 1401. Alipokufa, Simandini alichomwa moto yu hai pamoja na maiti ya mumewe kwa ada ya Kihindi. Katika kikao kimoja cha mwaka 1895 watu walimwona Bi Hélène akiuishi ule moto, akijipinda na kuyasukuma mambo yasiyoonekana, hata waliohudhuria wakaingiwa na hofu.

Kisha ikaja habari kwamba Sivrouka naye amezaliwa upya, na kwamba siye mwengine bali ni Profesa Flournoy.

Hapa msomaji asite kidogo aione hali ya huyu bwana. Ana mke na watoto, ana cheo katika chuo kikuu, na mbele ya watu wazima walioizunguka meza mwanamke mzuri wa uso anamtazama kama mume wake wa karibu karne tano zilizopita, anamwimbia nyimbo za huzuni akiwa ameketi sakafuni, anamsemesha kwa lugha yenye sauti ya Kihindi. Ni wangapi wangebaki na akili yao mahali pake? Flournoy hakumcheka wala hakujitia ufalme. Alitoa kalamu, akaandika.

Nami nitie neno langu. Mtoto yeyote wa chuoni kwetu angeliwauliza wale mabwana wa Geneva sheikh gani wa Kiarabu zama zile angemwoza binti yake kwa mfalme asiyekuwa Mwislamu, na lini Waarabu waliwaita binti zao Simandini. Lakini Flournoy hakuwa na elimu yetu, na alipita njia nyengine ambayo mwisho wake ni mzuri zaidi. Alikwenda kutafuta Sivrouka.

Aliwaandikia wajuzi wa tarikhi ya Bara Hindi. Hapana aliyemjua mfalme wa jina hilo. Ramani na vitabu vyote vilivyosifika vilinyamaza. Mtu mwepesi angefunga faili hapo na kutangaza kwamba yote ni uzushi. Yeye hakufunga. Siku moja, kwa nasibu, akiwa anapekua vitabu, akakumbana na tarikhi ya India iliyoandikwa na Mfaransa De Marlès na kuchapishwa mwaka 1828, kitabu ambacho wajuzi walikuwa wamekwisha kukitupa kwa makosa yake. Ndani yake mlikuwa na sentensi moja: Kanara, Tchandraguiri, mwaka 1401, Sivrouka Nayaca. Yote kwa pamoja, mahali pamoja. Nakala za kitabu hicho katika mji mzima wa Geneva zilikuwa mbili, na zote zimefunikwa na vumbi.

Jambo hili lilikata pande mbili, na Flournoy alikuwa muungwana wa kuzieleza zote. Watu wa mizimu walifurahi wakasema, kumbe Sivrouka alikuwako! Na kweli, hakuwa ametungwa hewani. Lakini upande wa pili ni kwamba Bi Hélène hakujua juu ya mfalme yule zaidi ya ile sentensi moja, na haikuelekea kwamba malkia aliyeishi naye akumbuke mambo manne tu, na hayo manne yawe ndiyo yale yale aliyoyachapa De Marlès. Jinsi muuza duka alivyopata kukiona kitabu kile, au kumsikia mtu aliyekisoma, Flournoy hakuweza kuonyesha, na alisema waziwazi kwamba hakuweza.

Kanara yenyewe si nchi ya mbali kwetu. Ndiyo pwani ya Mangalore, ambako vigae vyekundu vya mapaa ya nyumba zetu za kale vilitoka kwa majahazi na meli. Na kuna ngome ya Chandragiri hadi hivi leo karibu na Kasaragod, katika jimbo la Kerala, ila wenyeji na wanatarikhi waitaja kuwa ni kazi ya Sivappa Nayaka wa karne ya kumi na saba. Jina lakaribia mno. Ikiwa ngome ni hiyo hiyo, basi De Marlès alimkosea mfalme jina na akaikosea karne, na binti wa sheikh akayakumbuka makosa yake.

Tuje sasa kwenye Kiarabu, kwani hapa ndipo nilipovutwa mimi. Katika hali ya kupandwa nusu, Bi Hélène aliona mbele ya macho yake maandishi, akachukua kalamu ya risasi akayanakili. Yalikuwa Kiarabu sahihi, methali ndogo yenye maana kwamba kidogo kitokacho kwa mpenzi huwa ni kingi. Waliohudhuria walistaajabu. Mwanamke wa Uswisi asiyewahi kukaa mbele ya mwalimu wa Kiarabu, aandika Kiarabu! Flournoy aliyaangalia maandishi na pia akauangalia mkono ulivyokwenda. Mkono ulianza kushoto ukaelekea kulia. Haukuandika, ulichora, kama mtu anakilivyo maua ya kanga. Kila aliyepigwa kofi na mwalimu wake kwa kuanza alifu upande usiokuwa wake ajua uzito wa jambo hili. Binti wa sheikh, hata kama karibu karne tano zimepita, mkono wake ungejua ulikotoka.

Tena Flournoy akaendelea kutafuta. Akapata kujua kwamba daktari aliyekuwa akiitibu nyumba ya kina Müller alipata kusafiri Kabylia, katika Aljeria, akaandika kitabu cha kumbukumbu za safari yake, na kwamba alipowagawia rafiki zake nakala alikuwa na desturi ya kuandika ndani yake sentensi za Kiarabu kwa mkono wake. Methali ile ilikuwa mojawapo, na hata umbo la herufi zilizochorwa na Bi Hélène lilifanana na mwandiko wa daktari. Kwa nyongeza, Simandini katika maono yake alikuwa na kima kipenzi aitwaye Mitidja. Mitidja ni jina la uwanda ulioko nyuma ya mji wa Aljiers. Arabuni yote ya binti wa sheikh ilikuwa imetoka Aljeria, imepita katika begi la daktari wa nyumbani.

Najua baadhi ya wasomaji watasema kwamba aliyemwambia hayo ni karini, na kwamba majini huzijua habari za watu wa kale kwa sababu umri wao ni mrefu. Sitabishana nao juu ya kuwako kwa majini, maana hilo tumelipata kwenye Kitabu. Ila nasema, jini aliyeishi tangu mwaka 1401 na asijue Kiarabu chaanzia wapi, huyo ni wa kuhurumiwa.

Lugha ya Kihindi ilikuwa na mambo zaidi. Flournoy aliwaita wajuzi wa Kisanskriti, na miongoni mwao alikuwa Ferdinand de Saussure, profesa wa Geneva ambaye masomo yake, yaliyochapishwa mwaka 1916 baada ya kufa kwake, yamekuwa msingi wa elimu ya lugha ya siku hizi. Saussure alisikiliza maneno ya Simandini kwa makini sana. Akaona vipande vya Kisanskriti cha kweli vikielea katika maneno yasiyokuwa na maana. Akaona pia kwamba katika yote aliyoyasema hamkuwa na sauti ya f, na Kisanskriti hakika hakina sauti hiyo, ilhali Kifaransa kimejaa f. Hilo lilimshangaza. Flournoy katika kitabu chake cha kwanza aliliacha fumbo hilo wazi. Ni baadaye tu alipogundua kwamba katika nyumba ya rafiki mmoja ambako vikao vilipata kufanywa, mlikuwa na kitabu cha sarufi ya Kisanskriti katika chumba kile kile.

Kana kwamba Bara Hindi na Ufaransa havikutosha, Bi Hélène alikwenda mpaka Mirihi, sayari ambayo Wazungu waiita Mars. Zama zile kila mtu alikuwa akizungumzia Mirihi. Schiaparelli wa Italia alitangaza mwaka 1877 kwamba ameona mistari juu yake, na wengi wakadhani ni mifereji iliyochimbwa na watu. Bi Hélène aliwaona watu wa huko, nyumba zao, magari yao yasiyokuwa na farasi, akaleta lugha yao na hata herufi zao. Flournoy akaikusanya lugha hiyo neno kwa neno kama mwenye kutunga kamusi, kisha akaipambanua. Akaonyesha kwamba ni Kifaransa kilichovalishwa joho. Mpango wa maneno ni wa Kifaransa, hata ile t ndogo ambayo Wafaransa huitia kati ya maneno mawili ili ulimi usikwame, Mirihi nako walikuwa na herufi yao ya kazi hiyo hiyo, mahali pale pale. Alipomweleza Bi Hélène, alihuzunika na kukana. Haukupita muda mrefu akaleta lugha nyengine, ya sayari iliyo mbali kuliko Mirihi, ambayo haikufanana na Kifaransa hata kidogo.

Ningeomba msomaji asimcheke. Flournoy hakumcheka. Na hapa ndipo ninapouona ubora wa mtu huyu kuliko katika ushindi wake wote wa vitabu vya vumbi. Kwake yeye swali halikuwa kama mwanamke huyu ni mwongo au ni mkweli. Alikwisha kumjua kwamba ni mkweli. Swali lilikuwa, mtu mkweli apataje kuwa malkia, binti wa sheikh na msafiri wa Mirihi bila kutunga kwa makusudi hata neno moja? Jawabu lake lilikuwa kwamba chini ya fahamu zetu kuna tabaka jengine la nafsi lenye kufanya kazi tukiwa hatuna habari. Tabaka hilo halisahau. Linaokota neno lililosikika mara moja, ukurasa uliopitiwa na jicho, mwandiko ulioonekana juu ya meza ya daktari, na huvitia akiba. Kisha siku moja hutoa akiba hiyo kama kitu kipya, na mwenyewe akaapa kwamba hakupata kukiona. Jambo hilo Flournoy aliliita kriptomnesia, yaani kumbukumbu iliyojificha.

Na kwa nini akiba ya Bi Hélène ilitoka na taji kichwani? Flournoy alirudi kwenye utoto wake. Baba yake alikuwa mfanya biashara kutoka Hungaria aliyejua lugha nyingi. Binti huyu tangu mdogo alijiona kama mgeni katika nyumba ile, hata alipata kumwuliza mama yake kama ni kweli kwamba ni mtoto wake. Akiwa na umri wa miaka kumi alishambuliwa na mbwa mkubwa njiani akitoka shule, na mtu mwenye joho la rangi ya kahawia na msalaba mweupe kifuani akatokea ghafla akamwokoa, kisha akatoweka. Miaka mingi baadaye Léopold alidai kuwa ndiye yeye. Katika yale yote, alisema Flournoy, nafsi ya mwanamke aliyezaliwa kwa mambo makubwa na akapewa kaunta ya duka ilikuwa ikijitungia maisha iliyoyastahili, na pia ikijilinda.

Kitabu kilitoka mwishoni mwa mwaka 1899, nacho kilipewa jina la kutoka Bara Hindi hadi sayari ya Mars. Kilinunuliwa kwa wingi usiotarajiwa, na mwaka wa pili kikapata tafsiri ya Kiingereza. William James wa Marekani, daktari na mwanafalsafa aliyekuwa rafiki wa Flournoy tangu mkutano wa Paris wa mwaka 1889, alikisifu sana. Huko Zurich kijana mmoja aliyeanza kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili, Carl Gustav Jung, alikisoma akaandika barua kuomba akitafsiri kwa Kijerumani, lakini kazi hiyo ilikuwa imekwisha kupewa mtu mwengine. Mwaka 1902 Jung alitoa risala yake ya udaktari juu ya msichana aliyekuwa akipandwa, kwa njia iliyofunguliwa na Flournoy. Baadaye, Jung alipofarakana na Freud, alikwenda Geneva kwa mzee huyu kutafuta mtu wa kumsikiliza bila kumtaka awe mfuasi.

Lakini nyumbani mambo yaliharibika. Watu wa mizimu wa Geneva walijibu kwa kitabu chao mwaka 1901. Hilo halikuwa kitu. Lililouma ni Bi Hélène. Alikuwa amefungua nyumba yake, utoto wake na ndoto zake kwa mtu aliyemwamini, na alipousoma ukweli uliochapwa aliona kwamba amevuliwa nguo sokoni. Jina la kusitiri halikumsitiri, kwani Geneva ni mji mdogo na waandishi wa magazeti hawakukawia kumjua. Pakazuka ugomvi juu ya mapato ya kitabu na juu ya nakala za kumbukumbu za vikao, ni za nani. Mfalme Sivrouka na malkia wake wakaachana bila ya moto. Flournoy hakuhudhuria tena vikao vyake.

Nimelifikiri jambo hili sana. Je, alimdhulumu? Wapo wanaosema hivyo, kwamba alimtumia mwanamke wa kazi kujipatia sifa ya Ulaya nzima. Mimi sioni hivyo, ingawa simwondolei yote. Flournoy alimpa heshima ambayo matajiri wa vikao hawakumpa, alimwita mkweli mbele ya ulimwengu wakati madaktari wengine walikuwa wakiwaita wenzake wagonjwa au matapeli. Lakini ukweli una mahali pake pa kusemwa na una mlango wake wa kuingilia, na mambo ya mtu aliyekuamini huanza kwake, kabla ya kwenda kwa mpiga chapa.

Baada ya hapo Flournoy aliendelea na kazi. Mwaka 1901 yeye na jamaa yake Édouard Claparède walianzisha jarida la elimu ya nafsi, na humo ndimo alimochapa nyongeza ya utafiti wake juu ya Bi Hélène. Alisomesha juu ya nafsi na dini. Mwaka 1909 aliongoza mkutano wa mataifa wa wataalamu wa nafsi uliofanyika Geneva, na mwaka huo huo alifiwa na mkewe, Marie, pigo ambalo lilimwinamisha. James alikufa mwaka uliofuata, na Flournoy akaandika kitabu kidogo juu ya falsafa ya rafiki yake. Mwaka 1911 alitoa kitabu kikubwa juu ya mizimu na viti vyake, na humo, baada ya miaka kumi na saba ya kusikiliza, alibaki pale pale: hakuona ushahidi ambao uzito wake ulingane na dai la wafu kurejea, na hakuufunga mlango. Alifariki Geneva Novemba 5, 1920, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Bi Hélène alimpita kwa miaka tisa. Bibi mmoja tajiri wa Kimarekani aliyeamini mizimu alimkatia posho iliyomwezesha kuacha kazi ya duka mwaka 1900, na tangu hapo hakuuza tena kitambaa. Mirihi ilinyamaza, Simandini hakurudi. Badala yake akaanza kuchora picha kubwa za dini, za Nabii Isa na Bibi Mariamu, na alisema kwamba mkono wake unaongozwa. Watu walioziona walistaajabu, kwani hakuwa amesomea uchoraji. Alikufa mwaka 1929. Miaka mitatu baadaye Waldemar Deonna, mtaalamu wa mambo ya kale wa Geneva, alitoa kitabu juu ya picha hizo, akakipa jina la kutoka sayari ya Mars hadi Nchi Takatifu, na wasomaji wa mji ule hawakuhitaji kuelezwa jina hilo limetoka wapi.